Ganda la Korosho na Wanakemia wa Dar es Salaam



Mtu yeyote aliyewahi kubangua korosho kwa mikono analijua vyema ganda lake. Ndani yake mna mafuta makali yanayobabua ngozi, na doa lake hudumu vidoleni siku nyingi baada ya kazi kwisha. Kiini kikishatolewa, ganda hutupwa jalalani au hutiwa motoni. Leo tunataka kulizungumzia ganda hilo, kwa maana katika nchi jirani ya Tanzania wako wanakemia wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ambao, tangu miaka ya mwanzo ya karne hii, wamelitazama kwa jicho jingine.

Kazi yao ni kutengeneza vichocheo. Katika kemia, kichocheo ni mfano wa mshenga. Huzikutanisha pande mbili ambazo pengine zisingekutana, au zingechukua muda mrefu mno kukutana; ndoa ikishafungwa yeye huondoka kama alivyokuja, akaenda kuposa kwingine. Mbolea, petroli, dawa za hospitalini, sabuni na rangi, sehemu kubwa ya bidhaa hizi hupitia mikononi mwa washenga wa namna hiyo. Tabu ni kwamba baadhi ya vichocheo vya zamani ni asidi za majimaji. Kazi ikiisha hubaki zimechanganyika na bidhaa, ikabidi zioshwe kwa maji mengi, na maji hayo mara nyingi yameishia mitoni. Vingine ni metali za thamani kubwa kama paladi, ambazo mwenye kiwanda hawezi kukubali zipotee.

Dawa ya tabu hiyo ni kukipachika kichocheo juu ya kitu kigumu, ili kazi ikiisha kichujwe na kutumiwa tena. Mwaka 2001 Egid Mubofu, Mtanzania ambaye baadaye alikuwa profesa wa kemia hapo Dar es Salaam, pamoja na James Clark na Duncan Macquarrie wa Chuo Kikuu cha York, Uingereza, walichapisha matokeo ya kichocheo cha paladi kilichopachikwa juu ya silika. Silika si kitu kigeni. Mchanga mwingi kwa sehemu kubwa ni silika. Lakini mchanga wa kawaida haufai, kwa kuwa uso wake ni mdogo. Inatakiwa silika yenye matundu mengi sana, na matundu yenyewe yapimwe kwa nanomita, yaani sehemu moja ya milioni ya milimita. Gramu moja ya silika ya namna hiyo huweza kuwa na uso wa mita za mraba mia kadhaa, ukihesabu kuta za matundu yote. Kiwanja cha mpira wa wavu kina mita za mraba 162 tu.

Sasa, nani atakayetoboa matundu madogo kiasi hicho? Hapa ndipo ganda la korosho linapoingia. Molekuli za mafuta yake zina kichwa kinachopatana na maji na mkia mrefu wa kaboni 15 unaoyakimbia. Zikitiwa katika maji yenye pombe, hukusanyika vikundi vikundi, mikia ndani na vichwa nje. Silika huganda kuvizunguka vikundi hivyo, kama udongo wa mfinyanzi unavyozunguka kalibu. Kisha mafuta huoshwa yakatoka, na pale yalipokuwa hubaki tundu. Mwaka 2011 wanakemia hao wa Dar es Salaam walieleza jinsi walivyoifunga katika silika iliyofinyangwa kwa mafuta ya korosho kimeng'enya kinachoigawa sukari ya miwa kuwa sukari mbili nyepesi zaidi. Kwa kawaida kalibu za namna hii hufanywa kwa kemikali za viwandani ambazo nchi zetu huziagiza kwa fedha za kigeni. Hii ya korosho huanguka chini ya mkorosho.

Wapo watakaouliza: mkulima wa Tandahimba anahangaika na ubwiriunga, nanomita zitamfaa nini? Ni swali la haki, wala halijibiwi kwa maneno matamu. Lakini sisi wa Uganda tunayo sababu yetu ya kusikiliza. Mwanzoni mwa karne ya 20 malale iliua watu zaidi ya laki mbili katika kingo za Ziwa Victoria, Busoga ikiumizwa kuliko kwingine, na hadi leo mbung'o humnyima mfugaji ng'ombe wake. Mbung'o huvutwa na harufu ya mkojo wa ng'ombe, na mojawapo ya kemikali zilizomo katika harufu hiyo ni aina ya fenoli. Mwaka 2012 wanakemia wa Dar es Salaam na wenzao wa Chuo Kikuu cha St Andrews, Uskoti, walionyesha kwamba kemikali ya kumvuta mbung'o mtegoni yaweza kutengenezwa, kwa msaada wa vichocheo, kutokana na mafuta ya ganda la korosho. Yaani chambo cha adui wa ng'ombe wa Busoga kimo katika taka za Mtwara.

Basi kinachozuia ni nini? Ujuzi upo. Walakini mafuta hupatikana kwa wingi pale tu ambapo korosho hubanguliwa kwa wingi. Katika msimu wa 1973/74 Tanzania ilivuna tani zipatazo 145,000, na viwanda vya kubangulia vikajengwa kwa mikopo. Kufikia 1986/87 mavuno yalikuwa yameshuka chini ya tani 20,000. Viwanda vilikosa korosho, na hata mavuno yalipoongezeka tena baadaye, baadhi ya majengo hayo yalikuwa yamegeuzwa maghala. Hatusemi hivi kwa kumcheka jirani. Sisi wenyewe kahawa yetu nyingi huondoka ikiwa mbichi, ikakaangwa kwingine, na hatuna haki ya kumnyoshea mtu kidole.

Wanakemia wa chuo kikuu hawawezi kujenga kiwanda. Wanaweza kuonyesha kwamba jambo linawezekana, na hilo wamekwisha kulionyesha katika majarida ambayo wenye viwanda wa ng'ambo huyasoma kuliko sisi. Wakati huo huo, sehemu kubwa ya korosho ya Tanzania huendelea kupakiwa melini ikiwa ghafi. Ganda huvuka bahari pamoja na kiini katika gunia moja, hadi India na Vietnam, na mafuta yake hukamuliwa huko.