Mradi ni wa Nani? Neno Moja, Maana Nyingi

Hii ni hotuba iliyotolewa na ofisi yetu ya maendeleo katika semina ya kamati za maendeleo za parokia iliyofanyika Mlabani, Ifakara.



Tuliombwa tuzungumzie uendelevu wa miradi. Tulipokaa kuandaa mada tukaona kwamba kila siku tunalitamka neno "mradi" bila kulitazama. Kwa hiyo, kwa ruhusa yenu, tutaanza na neno lenyewe.

Tuseme kwanza kilichotusukuma. Tulirudi katika kijiji kimoja cha bondeni ambako tulisaidia kuchimba kisima. Tulikuta pampu imesimama kwa miezi mitano. Kilichoharibika kilikuwa mpira mdogo wa ndani, ambao bei yake haifikii bei ya kuku mmoja. Akina mama walikuwa wamerudi kuchota maji mtoni. Tulipouliza kulikoni, mzee mmoja alitujibu kwa upole kabisa: "Tulikuwa tunawasubiri wenye mradi."

Wenye mradi! Sisi tulidhani wenye mradi ni wao. Katika taarifa yetu tulikuwa tumeandika kwamba jamii imeshirikishwa kikamilifu. Kosa lilikuwa letu, na tunaliungama hapa mbele yenu.

Neno la Kiingereza

Maandiko yetu mengi huandikwa kwanza kwa Kiingereza, na huko neno ni "project". Limetoka katika Kilatini: "pro", yaani mbele, na "iacere", yaani kutupa. Kwa asili basi ni kitu kilichotupwa mbele. Ndiyo maana mashine ya kuonyeshea sinema inaitwa projekta, kwa sababu inatupa picha ukutani. Mwanafunzi wa Uingereza akipewa kazi ya kwenda kuchunguza jambo, hiyo nayo ni "project". Huko Marekani neno hilo limekuwa pia jina la nyumba zilizojengwa na serikali kwa ajili ya watu wa kipato cha chini.

Si kila mara neno hili lilikuwa na heshima. Mwaka 1697 huko London, Daniel Defoe, yule aliyekuja kuandika habari za Robinson Crusoe, alichapa kitabu kizima juu ya miradi. Wakati ule mtu wa miradi alitazamwa kwa mashaka, kwa kuwa wengi walikusanya fedha za watu kwa mipango mikubwa kisha wakatoweka. Defoe alitoa mfano tunaoufahamu sote: Mnara wa Babeli, kazi kubwa kupita uwezo wa waliojitwisha.

Mapadre wetu watakumbuka jambo jingine. Katika Zaburi ya 51, mwenye kutubu anamwomba Mungu asimtupe mbali na uso wake. Katika Biblia ya Kilatini, kitenzi cha kutupa kinachotumika pale ni kile kile kilichozaa "project". Kwa hiyo kitu kinaweza kutupwa mbele kama mbegu, na kinaweza pia kutupwa kikaachwa. Tujiulize: kisima kile tulikipanda au tulikitupa?

Neno la Kiswahili

"Mradi" halikutafsiriwa kutoka Kiingereza. Ni neno la zamani lililotokana na Kiarabu "murad", yaani kinachotakiwa, kinachokusudiwa. Ni ndugu wa neno "irada", yaani utashi au mapenzi. Mtu alipouliza, "Mradi wako nini?", alikuwa anauliza nia yako. Hakuwa anauliza bajeti yako.

Baadaye neno likapanuka. Katika miaka ya 1980, mishahara ilipokuwa haifiki katikati ya mwezi, watumishi wengi walianzisha "miradi": kuku uani, ng'ombe mmoja wa maziwa, maandazi ya kuuza. Azimio la Arusha la mwaka 1967 lilikuwa limewazuia viongozi kuwa na vipato vya namna hiyo. Azimio la Zanzibar la mwaka 1991 likalegeza. Angalieni, mradi ule wa kuku hakuna aliyesubiri mfadhili aje kuutengenezea banda. Mwenyewe alijulikana.

Kuna pia ndugu mwingine wa neno hili, na huyu ni hatari: "ilimradi". Mkutano umefanyika, ilimradi watu wamesaini. Choo kimejengwa, ilimradi picha imepigwa. Nia ikitoka ndani ya mradi, kinachobaki ni ilimradi.

Mfano kutoka bonde letu

Wapo waliofanya vizuri, na hatuna haja ya kwenda mbali kuwatafuta. Kuanzia mwaka 1996 hadi 2000, kituo cha utafiti wa afya cha hapa Ifakara, pamoja na washirika wake, kiliendesha mradi wa vyandarua vyenye dawa ulioitwa KINET katika wilaya za Kilombero na Ulanga. Vyandarua havikugawiwa bure. Viliuzwa kwa bei iliyopunguzwa, kwa jina ambalo kila mama alilielewa: Zuia Mbu. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2001 yalionyesha kwamba uwezekano wa watoto wadogo kubaki hai uliongezeka kwa asilimia 27 kwa wale waliotumia vyandarua hivyo.

Mradi ule uliisha, lakini nia haikuisha. Mwaka 2004 taifa lilianza Hati Punguzo kwa akina mama wajawazito, na mafunzo ya bonde hili yalikuwa sehemu ya msingi wake. Leo mama akichomekea chandarua chini ya godoro hasemi "chandarua cha mradi". Anasema "chandarua changu".

Kadhalika daraja la mto Kilombero lililofunguliwa mwaka 2018. Lilipokuwa likijengwa tuliita mradi wa daraja. Siku hizi, kwa sisi tuliozoea kusubiri kivuko, ni daraja tu. Lakini kule kijijini, pampu bado inaitwa "pampu ya mradi". Hapo ndipo pa kupimia. Kitu kikishakuwa chetu, neno mradi hudondoka lenyewe.

Tunayoyaomba

Kwa kamati za parokia: andiko lolote liandikwe kwanza kwa Kiswahili na lisomwe katika jumuiya ndogo ndogo, ili watu waseme kama hiyo kweli ndiyo nia yao. Wakisema sivyo, tuliache. Pili, mfuko wa matengenezo uanze kabla ya pampu kufika, hata kama ni kwa shilingi chache, na daftari lake lisomwe hadharani. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari.

Kwa marafiki zetu wafadhili: tunawashukuru kwa moyo wote. Ombi letu ni moja. Mtupe nafasi ya kurudi kijijini mwaka mmoja baada ya mradi kufungwa, na kuwaandikia ukweli tutakaoukuta, hata ukiwa mchungu.

Sisi wa ofisi tumeongeza swali moja juu kabisa ya fomu yetu, kabla ya jina la mradi na kabla ya kiasi cha fedha: "Mradi huu ni wa nani, na pampu ikiharibika ataitengeneza nani?" Kamati isiyo na jibu isione haya kurudi nyumbani kwanza na kuuliza.

Mpira wa pampu ile ulinunuliwa hapa hapa Ifakara mjini, kwa mchango wa wanakijiji wenyewe, baada ya mkutano wa jioni moja. Maji yanatoka.