Kiti cha mbio kinaomba fundi karibu



Mwaka 1975, Mmarekani Bob Hall aliomba kukimbia marathoni ya Boston katika kiti cha magurudumu. Mkuu wa mashindano akamwambia: ukimaliza chini ya masaa 3, tutakupa hati kama wengine. Alimaliza kwa masaa 2 na dakika 58. Leo mbio ya viti iko Boston kila mwaka.

Lakini sikieni: Hall alianza pia kutengeneza viti vya mbio mwenyewe. Kiti kile kiko na magurudumu tatu, chepesi, kirefu mbele. Kikivunjika na fundi hayuko, mkimbiaji anarudia kukaa nyumbani.

Congo yetu ilifika Paralimpiki mara ya kwanza London 2012. Nguvu iko: angalieni wenye ulemavu wanaovusha mizigo kwa baiskeli za mikono mpakani Goma na Gisenyi.

Wafadhili, pamoja na viti, tunaomba vyuma, mipira na mshahara wa fundi. Wazazi, musifiche mtoto ndani. Mumulete uwanjani.