Kwa Nini Picha Ilikuwa Safi



Mimi ni mtumishi wa Serikali, si daktari. Ila nimekuwa nikisoma habari za ugonjwa mmoja tangu ulipomchukua mwenzetu tuliyelala naye bweni moja. Wengi mnamkumbuka golini. Alianza kwa kushindwa kufunga vifungo vya shati. Ikafuata miguu, kisha ulimi. Akili ilibaki timamu mpaka mwisho. Alipopigwa picha ya kichwa, jibu likaja kwamba picha ni safi, na jamaa wakaanza kunong'ona kwamba amerogwa.

Ugonjwa huu aliueleza daktari Mfaransa, Jean-Martin Charcot, mwaka 1869. Seli za neva zinazoamrisha misuli hufa, katika ubongo na katika uti wa mgongo, na misuli isiyopata amri hunyauka. Picha ya kawaida huonyesha umbo: uvimbe, damu iliyovuja, kovu. Katika ugonjwa huu umbo la ubongo aghlabu halibadiliki sana. Kwa hiyo picha ile humsaidia daktari hasa kuondoa shaka ya magonjwa mengine.

Lakini seli zinapokufa pana mwako, jamaa ya ule ufanyao kidonda kiwe chekundu na kuuma. Askari wa ubongo, seli ziitwazo maikroglia, huamka, na zikiamka huongeza protini iitwayo TSPO. Wataalamu walipata kemikali inayonata kwenye protini hiyo, wakaiunganisha na kaboni-11 yenye mionzi. Mgonjwa hudungwa kiasi kidogo sana, akalazwa ndani ya mashine ya PET inayopokea miali itokayo kichwani. Mwaka 2004 watafiti wa London waliwapima hivyo wagonjwa 10, na sehemu ya ubongo inayoendesha viungo ilikuwa miongoni mwa zilizong'aa. Mwaka 2015 wenzao wa Boston, kwa kemikali mpya zaidi, waliona mwako sehemu hiyo hiyo.

Vijana wa fizikia, pigeni hesabu: kaboni-11 hupungua nusu kila dakika 20. Iliyotengenezwa saa mbili asubuhi, ikifika saa nne imebaki sehemu moja ya 64. Ndiyo maana mtambo wa kuitengeneza hauwezi kuwa mbali na kitanda cha mgonjwa, na ndiyo maana kazi hii ni ghali.

Tena ina kasoro. TSPO haimo katika maikroglia peke yake, na wako watu waliorithi protini isiyoshikana vizuri na kemikali hizo mpya.

Zaidi ya hayo, askari hao huzoa taka pia, hivyo kuwazima kunaweza kudhuru. Mwaka 2007 yalitangazwa matokeo ya minosaiklini, dawa iliyotumainiwa kutuliza mwako. Katika wagonjwa 412 wa Marekani, waliopewa dawa walidhoofika upesi kuliko waliopewa vidonge visivyo na dawa. Je, iliuzima mwako uliokuwa ukiwalinda, au haikuugusa kabisa? Kupima nguvu za mgonjwa peke yake hakujibu swali hilo. Picha ya PET, kabla na baada ya dawa, inaweza kusaidia kulijibu.

Mama wa mwenzetu yu hai. Nilimweleza haya kwa lugha nyepesi zaidi. Akaniuliza, "Basi mwanangu hakurogwa?" Nikamjibu, "Hakurogwa, mama."