Usimwache Mama Mzee Kitandani



Leo mumeleta watoto kwa kilo na kwa sindano. Lakini mimi nitasema juu ya mtu mwingine aliye nyumbani kwako: mama yako mzee, au mama mkwe wako, aliyeanguka akavunjika nyonga, akapasuliwa. Kwa nini niseme na ninyi? Kwa sababu munganga anamaliza kazi yake kwa siku moja, lakini kazi ya kumsimamisha mzee ni ya miezi, na anayeifanya ni wewe.

Munajua namna inavyotokea. Anateleza kwenye matope ya mvua, au usiku akienda chooni bila taa. Mifupa ya wazee, zaidi ya wanawake, imepungua nguvu. Anguko dogo linatosha. Hospitalini wanaunga mfupa kwa vyuma, au wanaweka kichwa kipya cha mfupa. Kisha anarudi huku Luvungi, tunatandika kitanda vizuri, tunamwambia, "Pumzika, mama, usijisumbue."

Hapo ndipo tunapokosea. Mimi mwenyewe nilikosea. Mama mkwe wangu alipotoka kupasuliwa, nilikuwa muuguzi tayari, lakini niliogopa watu waseme ninamtesa. Nilimlisha, nikamwogesha, nikamlaza majuma 3. Akapata kidonda mgongoni, na kikohozi, na paja lake likakonda. Siku moja akaniambia, "Mwanangu, unanizika ningali hai." Kesho yake tulianza kumsimamisha. Alirudi kutembea hadi kanisani kwa fimbo, lakini baada ya muda mrefu na maumivu mengi ambayo hayakuwa lazima.

Basi sikieni vizuri: kulala sana kunaharibu. Ngozi inaoza, mapafu yanajaa uchafu, damu inaganda miguuni, nyama za mguu zinakwisha. Wazee wengi hawauawi na mfupa uliovunjika. Wanauawa na kitanda.

MAZOEZI YA KILA SIKU

Mbele ya kutoka hospitalini, uliza: "Mguu huu ukanyage kwa nguvu gani?" Fuata jibu hilo. Kisha fanya haya asubuhi, mchana na jioni, kila zoezi mara 10:

1. Akiwa amelala, avute vidole vya mguu kuelekea kwake, kisha avisukume mbali. Hili alifanye kila saa akiwa macho.
2. Akaze paja, goti likisukuma kitanda chini. Muhesabu 5, kisha alegeze.
3. Avute kisigino pole pole juu ya kitanda, goti likipinda kidogo.
4. Avute pumzi ndefu, akohoe.
5. Akae kwenye kiti, anyooshe goti moja, kisha la pili.
6. Asimame akishika meza nzito, apeleke mguu mgonjwa kando, kisha nyuma.

Kutembea: magongo yatangulie, mguu mgonjwa ufuate, mguu mzima mwisho. Leo hadi mlangoni, kesho hadi jikoni, juma lijalo hadi kwa jirani.

Unapokaa kunyonyesha, kaa karibu naye umhesabie. Hivyo kazi 2 zinafanyika pamoja. Kuumwa kidogo si hatari. Mpe dawa aliyoandikiwa karibu nusu saa mbele ya mazoezi.

MAMBO YA NYUMBANI

Kiti kiwe kirefu, magoti yasipite juu ya nyonga. Mkeka wa chini na kigoda kifupi, hapana. Asipishane miguu, asiiname kuokota kitu. Kwa choo chetu cha kuchuchumaa, mwombe fundi seremala atoboe kiti cha mbao, ukiweke juu ya shimo. Ondoa mikeka anapopita, na usiku acha taa karibu.

Chakula kijenge nyama na mfupa: maharagi, mayai, maziwa, na ndagala anazokula pamoja na mifupa yao. Asikae ndani siku nzima. Jua la asubuhi ni zuri.

DALILI ZA HATARI

Mrudishe hospitalini bila kungoja ukiona usaha au homa; mguu umekuwa mfupi na kugeukia nje ghafula; nyama ya nyuma ya mguu imevimba na inauma; au anakosa pumzi. Mguu uliovimba hivyo usiukande, hata kwa maji ya moto, kwa maana damu iliyoganda yaweza kwenda mapafuni na kumwua.

Mama mmoja aliniuliza, "Je, kumlazimisha mzee si kukosa heshima?" Hapana, mama. Amri ya kuheshimu wazazi haisemi tuwalaze. Mnajua habari ya yule kiwete mlangoni mwa hekalu: Petro alisema neno, lakini alimpa na mkono. Wewe nawe, omba, kisha umpe mama mkono wako.

MASWALI YA KUKUMBUKA

Je, mama mzee amesimama leo?
Je, kiti chake kina urefu wa kutosha?
Je, nani atamhesabia jioni hii?

Mungu awabariki ninyi na wazee wenu.