Kasa wa Watamu Anatuhusu Nini Sisi wa Dagoretti?

(Hotuba ya kamati ya maendeleo kwa vikundi vya kujisaidia)



Tuliporudi kutoka Pwani tukaanza kueleza habari za kasa, mama mmoja wa chama chetu alisimama akauliza: "Sasa huyo kasa ananihusu nini mimi? Bahari yenyewe nimeiona kwa kalenda tu!" Tulicheka, lakini swali lake lilikuwa la haki. Leo tunalijibu.

Tuanze na mto wetu. Vijito vinavyopita hapa Dagoretti haviishii mjini. Vinaingia mto wa Ngong na mto wa Nairobi, na mito hiyo inaingia Athi. Athi hupita karibu na Thika, hukata Tsavo ukiitwa Galana, na kaskazini ya Malindi huingia baharini ukiitwa Sabaki. Jina linabadilika, maji ni yale yale. Kwa hivyo ile nepi tuliyotupa mtaroni usiku wa mvua, tukidhani imeenda, haijaenda. Iko njiani.

Huko Watamu tulikuta watu wanaoipenda bahari kama mfugaji anavyopenda ng'ombe wake. Ni wataalamu wa viumbe vya baharini, pamoja na vijana wa hapo hapo. Kazi yao ilianza 1997 kwa jina la Watamu Turtle Watch, na sasa shirika linaitwa Local Ocean Conservation. Kasa akinaswa kwenye neti, mvuvi hamchinji, anapiga simu. Wanakuja, wanampima, wanamfunga kibati chenye namba, wanamrudisha majini. Mvuvi hupewa kitu kidogo kwa muda wake. Kasa aliye mgonjwa hupelekwa kliniki yao.

Wengine huletwa wamemeza plastiki. Matumbo yakiziba, hewa hujaa ndani, na kasa huelea juu kama chupa. Hawezi kuzama kutafuta chakula, hata kama kiko chini yake tu. Wataalamu humtunza siku baada ya siku, wakichunguza hata kinyesi chake kuona kama plastiki imetoka. Mbona wajisumbue hivyo kwa mnyama mmoja? Hesabu ni hii: inakadiriwa kwamba kati ya watoto 1,000 wa kasa, huenda mmoja tu akafikia utu uzima, naye huchukua miaka 20 au zaidi kabla ya kutaga.

Wala msidhani kazi hii ni ya wasomi peke yao. Kule Kuruwitu, Kilifi, wavuvi waliona samaki wanaisha. Mwaka 2005 walikubaliana kufunga sehemu ya bahari yao, karibu hekta 30, asivue mtu. Haikuwa rahisi, wengine walipinga. Lakini samaki walirudi, wakazaana, wakaanza kutoka nje ya mpaka ambapo wavuvi wanaruhusiwa. Mwaka 2017 walipata Tuzo ya Equator ya Umoja wa Mataifa. Ni kikundi cha kijiji, kama ninyi.

Na sisi? Tukubali kosa letu. Serikali ilipiga marufuku mifuko ya plastiki ya kubebea tarehe 28 Agosti 2017, lakini chupa na nepi bado tunazitupa mtoni. Na kabla kasa hajaumia, anaumia yule mama anayenyunyizia sukuma wiki maji hayo, halafu sisi tunaoinunua.

Tunapendekeza mambo matatu:

1. Kila kikundi kichukue kipande cha ukingo wa mto na kukisafisha mara moja kwa mwezi.
2. Chupa ziuzwe kwa wanaonunua plastiki, pesa ziingie sanduku la chama.
3. Tupande miti na majani ya ng'ombe kingoni. Udongo ukishuka na Sabaki huchafua bahari ya Malindi na kufunika matumbawe, ambako samaki huzaliana.

Haba na haba hujaza kibaba; taka nazo hujaa hivyo hivyo. Katika Mwanzo 2:15 mwanadamu aliwekwa bustanini ailime na kuitunza. Bahari tusiyoiona ni sehemu ya bustani hiyo.

Maswali ya kujadiliana kikundini:
- Taka za nyumba yako zilienda wapi wiki hii?
- Ni kipande gani cha mto tutakichukua, na tutaanza lini?

Mungu awabariki.