Kulinganisha Madaraja ya Zana ya Kutengenezea Programu Kabla ya Kununua



Tumezoea kuzungumza nanyi juu ya mizani ya sokoni, dhamana ya majokofu na masharti ya mikopo. Leo tunazungumzia bidhaa isiyoshikika kwa mkono, yaani programu ya kompyuta ambayo kazi yake ni kutengenezea programu nyingine. Wanaoinunua si makampuni makubwa peke yake. Hununua mzazi ambaye binti yake anasomea kompyuta chuoni, kijana anayewaandikia wenye maduka mifumo ya mauzo, na mwenye ofisi ya watu watano. Wote hao hukutana na jedwali moja lenye safu tatu na alama nyingi za vema, na wengi huchagua kwa kukisia. Yupo anayelipia asichokihitaji, na yupo anayechukua cha bure pasipo kuwa na haki nacho.

Kwanza tulitenge neno moja. Kwa Kiswahili tunasema "toleo" tukiwa na maana mbili. Toleo huweza kuwa la wakati, kwa mfano lililotoka mwaka 2019 na lile lililotoka mwaka 2022. Toleo huweza pia kuwa la ngazi, yaani la bure, la kati na la juu, yote yakiwa yametoka siku ile ile. Ili tusichanganye, katika mazungumzo haya maana hii ya pili tutaiita "daraja", kama tusemavyo daraja la kwanza na la tatu katika treni. Mfano huo wa treni unatufaa zaidi ya jina tu. Abiria wa madaraja yote hushuka kituo kile kile, na tofauti yao ni kiti walichokalia na tiketi waliyonayo mkononi. Katika zana hizi pia, mara nyingi tofauti kubwa iko katika tiketi, yaani leseni, kuliko katika uwezo wa chombo chenyewe. Kwa sababu hiyo tunawashauri msome leseni kwanza na orodha ya uwezo baadaye.

Tuchukue mfano unaojulikana duniani kote, zana iitwayo Visual Studio ya kampuni ya Microsoft. Ina madaraja matatu: Community, Professional na Enterprise. Daraja la Community lilitangazwa Novemba 2014, nalo halilipiwi. Kwa kazi za kila siku, yaani kuandika msimbo, kutafuta hitilafu na kuunda programu iliyokamilika, uwezo wake unakaribiana sana na ule wa Professional. Hapo mtu huuliza, na ana haki ya kuuliza: kama vinakaribiana, kwa nini kimoja kiuzwe?

Jibu limo ndani ya leseni. Mtu binafsi anayejifanyia kazi zake anaruhusiwa kutumia Community kutengeneza programu za bure au za kuuza. Mwanafunzi anaruhusiwa kuitumia darasani, mtafiti wa chuo katika utafiti wake, na yeyote anayechangia miradi ya msimbo huria. Taasisi ndogo inaruhusiwa pia, lakini watumiaji wake wasizidi watano. Taasisi yenye kompyuta zaidi ya 250, au yenye mapato yanayozidi Dola za Marekani milioni 1 kwa mwaka, pamoja na kampuni tanzu zake, hairuhusiwi kuitumia kwa shughuli zake za kawaida. Katazo hilo halimfungi mwajiriwa peke yake, bali pia anayeifanyia taasisi hiyo kazi kwa mkataba.

Tazameni jinsi masharti hayo yanavyogusa maisha ya watu. Mzazi tuliyemtaja hana sababu ya kulipa hata senti moja, kwa kuwa masomo ya binti yake yamo ndani ya ruhusa. Kijana anayewaandikia wenye maduka madogo mifumo yao naye yumo ndani ya ruhusa. Lakini kijana huyo huyo akipata mkataba katika kampuni kubwa, ile zana ya bure iliyo katika kompyuta yake inakuwa haina tiketi kwa kazi hiyo, ingawa haitazimika wala kumwonya. Na ofisi ya watu watano ikimwajiri wa sita, huyo wa sita hana nafasi katika daraja la bure. Tunasisitiza jambo hili kwa sababu programu inapokubali kufunguka, mtu hudhani ameruhusiwa. Kufunguka kwa programu si ruhusa. Ruhusa imeandikwa katika leseni.

Sasa tupande hadi daraja la juu. Enterprise lina mambo ambayo Community na Professional hayana. Huendesha majaribio ya msimbo papo hapo wakati mtu anaandika, huweka kumbukumbu ya mwendo wa programu ili mtafuta hitilafu aweze kurudi nyuma hatua kwa hatua, na huchora ramani ya namna sehemu za mfumo mkubwa zinavyotegemeana. Hayo ni mambo ya thamani kwa kikundi kinachotunza mfumo wa benki au wa bima. Kwa mtu anayeandika programu ya stoo ya duka, ni sawa na kununua lori la kubebea kapu la nyanya.

Na gharama yake si ndogo. Kwa bei za kulipia mwezi kwa mwezi zilizotangazwa nchini Marekani, Professional imekuwa Dola 45 kwa mtumiaji mmoja na Enterprise Dola 250. Kwa mwaka mzima, ya kwanza ni Dola 540 na ya pili ni Dola 3,000. Ofisi yenye watumiaji watatu ikichagua daraja la juu kwa kuona fahari ya jina, itatoa Dola 7,380 za ziada kila mwaka. Bei hubadilika, hivyo hesabu hiyo irudieni wenyewe siku ya kununua, mkikumbuka kwamba benki hubadilisha fedha kwa kiwango chake na kwamba kodi huweza kuongezwa mwishoni mwa malipo.

Tahadhari nyingine ni juu ya majina. Neno Community hutumiwa na wauzaji wengi, wala halina maana moja. Katika Visual Studio tumeona kikomo cha mapato cha Dola milioni 1. Zana nyingine iitwayo Delphi ina Community yake, lakini kikomo chake cha mapato ni Dola 5,000 tu kwa mwaka. IntelliJ IDEA ya kampuni ya JetBrains nayo ilikuwa na Community iliyotolewa kwa msimbo huria tangu mwaka 2009, chini ya leseni ya Apache 2.0, isiyoweka kikomo chochote cha mapato. Jina ni lile lile, na haki ni tatu tofauti. Vilevile, Visual Studio na Visual Studio Code ni bidhaa mbili. Hii ya pili ni nyepesi zaidi, ilianza mwaka 2015, na hutolewa bure hata kwa matumizi ya biashara. Huenda mtu akalipia ya kwanza ilhali ya pili ingemtosha.

Wahenga walisema mchagua jembe si mkulima. Lakini jembe lao walilinunua mara moja, likawa lao, hata wajukuu wakalirithi. Majembe ya siku hizi mengi hukodishwa. Kwa hiyo ulizeni: nikiacha kulipa, nabaki na nini? Anayelipia Visual Studio Professional kwa mwezi hutumia maadamu analipa, na akiacha, haki yake inakoma. Lakini ipo pia leseni ya kununua mara moja kwa takriban Dola 500, isiyo na tarehe ya mwisho, ila haimpi mnunuzi haki ya toleo kuu linalofuata. Malipo ya miezi 11 yanakaribia kabisa bei hiyo. Anayehitaji zana kwa mradi wa miezi mitatu akodishe. Anayejua ataitumia miaka mitano na haoni haja ya toleo jipya, anunue. JetBrains wana utaratibu wao: anayelipia mwaka mzima hubaki na haki ya kudumu ya kutumia toleo lililokuwapo alipoanza kulipia, hata akiacha baadaye. Matoleo yaliyofuata ndiyo anayoyapoteza.

Umri wa toleo nao hutazamwa. Kila toleo lina siku ambayo mtengenezaji huacha kulirekebisha kasoro za usalama. Visual Studio 2013 ilifikia siku hiyo Aprili 2024. Visual Studio kwa kompyuta za Mac iliondolewa kabisa tarehe 31 Agosti 2024. Leseni inaweza kuwa ya kudumu, lakini matunzo si ya kudumu. Toleo la zamani linalouzwa kwa bei ya chini huenda limebakiza muda mfupi wa matunzo, au limekwisha kuupoteza.

Hapo ndipo tunapofikia funguo za leseni zinazouzwa kwa bei ya kutupa. Mara nyingi ufunguo wa namna hiyo umetolewa katika usajili wa mtu au taasisi nyingine, nao haukuruhusiwa kuuzwa. Mwenye mali akigundua huweza kuufuta, na mnunuzi akabaki na hasara, huku muuzaji hajulikani alipo. Bei ikiwa sehemu ndogo tu ya bei rasmi, mwulizeni muuzaji kwa maandishi leseni imetolewa kwa jina la nani. Asipojibu, amekwisha kujibu.

Ndugu walaji, kabla ya kutoa kadi ya benki, kaeni na karatasi mjibu maswali haya matano:

1. Mimi ni nani mbele ya leseni hii: mwanafunzi, mtu binafsi, ofisi ndogo, au mtu wa mkataba katika taasisi kubwa?
2. Tuko watumiaji wangapi leo, na tunatarajia kuwa wangapi mwakani?
3. Ni jambo gani hasa lililo katika daraja la juu ambalo nimelihitaji katika mwezi uliopita? Kama siwezi kulitaja, silihitaji.
4. Jumla ya gharama kwa miaka mitatu ni kiasi gani, na nikiacha kulipa nabaki na nini?
5. Toleo hili litatunzwa hadi lini?

Baada ya hapo tumieni muda wa majaribio. Visual Studio ya kulipia na zana za JetBrains huruhusu kujaribu kwa siku 30. Zijaribuni kwa kazi yenu halisi, si kwa mfano wa muuzaji. Wekeni tarehe ya mwisho wa majaribio katika kalenda, na soma kwanza kama kadi yako itakatwa yenyewe siku hiyo ikipita. Hifadhini nakala ya leseni kama ilivyokuwa siku mliyonunua, pamoja na risiti, maana masharti hubadilishwa.

Hapa Tanzania, Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza wafanyabiashara kumpotosha au kumdanganya mlaji. Muuzaji akikuambia kwamba daraja la bure haliruhusiwi kwa masomo ilhali linaruhusiwa, au akikuuzia la bure kana kwamba ni la kulipia, una haki ya kulalamika, na malalamiko yako yatakuwa na nguvu ukiwa na maandishi. Lakini mashauri huchukua muda, na fedha iliyokwenda ng'ambo ni vigumu kurudi. Saa moja ya kusoma leseni kabla ya kulipa huokoa mengi ambayo barua za malalamiko haziwezi kuyarudisha.