Barafu ya Ugenini na Mvua ya Nyumbani

Hotuba iliyotolewa katika mkutano wa mwaka wa wanafunzi wa zamani



Wahenga walisema, mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani. Mimi niliondoka katika bweni lile pale mwaka 1987, na leo nimerejea. Kamati imeniomba nieleze safari yangu ya masomo ya ng'ambo. Nitaieleza, lakini ninyi wanafunzi mkiona naanza kujisifu, kohoeni.

Wengi mnajua kwamba kazi yangu ni ualimu. Mwaka 2022 nilipata nafasi ya kwenda Iceland kwa majuma sita, katika kozi inayofanywa wakati wa kiangazi cha huko. Tulikuwa watu wa nchi mbalimbali, na somo letu lilikuwa moja: namna ya kuwasimulia watu habari za mabadiliko ya tabia ya nchi hata wakazielewa na kuzisadiki. Kaka yangu alipopata habari aliuliza, "Yaani mtu mzima anapanda ndege kwenda kufundishwa hadithi?"

Kiangazi chao, ndugu zangu, ni jina tu. Mwezi wa Julai nilivaa koti na soksi mbili mbili. Jua nalo haliondoki mpaka karibu na saa sita ya usiku, na likiisha kuzama, giza lenyewe haliji. Nililala kwa kuziba dirisha kwa blanketi. Nilimkumbuka kiranja wetu wa bweni na amri yake ya kuzima taa. Kule angekosa kazi.

Juma la pili kila mmoja wetu aliambiwa asimulie habari ya kwao. Zamu yangu ilipofika nilisimama nikaeleza juu ya Kilimanjaro. Niliwaambia kwamba mwaka 1912 barafu ya mlima wetu ilifunika kilomita za mraba kama 12, na kufika mwaka 2007 zilikuwa zimebaki chini ya 2. Hayo ni kweli, na yamepimwa. Kisha nikaongeza ya kwangu. Nikasema kwamba mfereji unaopita shambani kwa mama yangu, ule unaonywesha migomba na kahawa, hupata maji yake katika barafu hiyo. Kwamba mfereji unapungua maji kwa sababu barafu inakwisha. Na kwamba itakapokwisha kabisa, kijiji chetu kitahama. Wako waliofuta machozi. Nilipigiwa makofi kuliko wenzangu wote.

Makofi yalipotulia, mwalimu wetu, mama mmoja wa makamo, aliniuliza swali: "Maji ya mfereji huo amepima nani?" Nikababaika. Nikajibu kwamba wamepima wataalamu. "Wataalamu gani?" Sikuwa na jibu. Hakunigombeza. Alisema tu kwamba juma linalofuata tutakwenda kuona jinsi watu wanavyopima.

Tulipelekwa kwanza kwenye mlima uitwao Ok, magharibi ya nchi ile. Katika lugha yao neno hilo maana yake ni nira, ile wanayofungwa ng'ombe wa kulima. Mlima huo ulikuwa na barafu iliyoitwa Okjökull, na mwanzoni mwa karne ya 20 barafu hiyo ilienea kilomita za mraba kama 15. Fahamuni kwamba barafu ya namna hii, ikiwa hai, haikai mahali pamoja. Theluji huanguka mwaka hata mwaka, hushindiliwa ikawa nzito, na uzito wake wenyewe huifanya itambae polepole kuteremka. Ikipungua unene hata isiweze tena kutambaa, imekufa. Mwaka 2014 mtaalamu wao Oddur Sigurðsson alipima akatangaza kwamba ile ya Ok imekufa. Mwaka 2019 watu walipanda mlimani, na Waziri Mkuu wa nchi akiwa miongoni mwao, wakabandika kibao cha kumbukumbu juu ya jiwe. Maneno ya kibao hicho aliyatunga mwandishi wao Andri Snær Magnason, nayo yanaelekezwa kwa watu watakaoishi baadaye. Chini yake imeandikwa tarakimu 415, yaani kiasi cha hewa ya ukaa katika kila sehemu milioni za hewa mwezi Mei mwaka ule. Nilisimama mbele ya jiwe lile nikaona kwamba maneno ni machache mno, wala hakuna tarakimu ya kubahatisha.

Safari ya pili ilikuwa kusini, kwenye barafu iitwayo Sólheimajökull. Hapa, wanafunzi, nawaomba mnisikilize sana. Tangu mwaka 2010 wanafunzi wa shule iliyo karibu, Hvolsskóli, huenda kila mwaka kupima barafu hiyo imerudi nyuma kiasi gani, na vipimo vyao huandikwa kwenye kibao kilicho njiani ili kila mpita njia asome. Mahali walipokuwa wakitembea kwa miguu, siku hizi pana ziwa, na kupima kunataka mashua. Hao ni watoto wadogo kuliko ninyi. Hakuna aliyewaambia walize mtu. Wameandika tu, mwaka baada ya mwaka, na habari yao ina nguvu kuliko yangu iliyopigiwa makofi.

Nilirudi chuoni nikaingia maktabani. Huko nikasoma kwamba sehemu kubwa ya maji ya mito ya Kilimanjaro hutokana na mvua na ukungu unaonaswa na msitu, na kwamba barafu ya Kibo huchangia maji kidogo sana. Tena barafu ile ilianza kupungua mwishoni mwa karne ya 19, hewa ilipokuwa kavu na theluji ikawa haba, na sehemu kubwa yake hugeuka mvuke moja kwa moja, bila kuwa maji. Kupungua kwake ni kweli. Uwongo ulikuwa ni ule mfereji niliouunganisha nao.

Njia ya mwongo ni fupi. Juma la sita nilisimama mbele ya watu wale wale nikasema, "Habari niliyowapa si sahihi," nikaeleza upya. Safari hii sikupigiwa makofi mengi. Lakini waliniuliza maswali nusu saa nzima: juu ya msitu, juu ya moto unaoula sehemu za juu, juu ya watu walivyoongezeka kwenye mfereji mmoja.

Niliporudi nyumbani nilimwendea mzee anayesimamia zamu za maji ya mfereji wetu, nikamwuliza maji yanatoka wapi. Alinitazama kama mtu aliyeulizwa jina la mkewe. Akasema, "Yanatoka msituni, mwanangu. Theluji tunaitazama tu." Miaka yote ile nilikuwa sijamwuliza.

Sasa nina jambo la kuungama hapa hapa shuleni. Nyuma ya maabara palikuwa na kipimamvua. Kila siku saa tatu asubuhi mwanafunzi wa zamu alikwenda kukisoma na kuandika katika daftari. Nilipokuwa Kidato cha Pili zamu ilinifikia mara nyingi. Siku za mvua kubwa sikutaka kulowa. Nilisimama barazani, nikaitazama mvua, nikaandika tarakimu kutoka kichwani. Kwa hiyo siku zile hasa ambazo mvua ilinyesha sana, ndizo ambazo kipimo chake ni cha uwongo. Leo mtu akitaka kujua mvua ya hapa imebadilikaje, daftari letu haliwezi kumsaidia kwa siku hizo, na mwenye kosa ni mimi.

Asubuhi hii nimepita nyuma ya maabara. Kipimamvua hakipo, kimebaki kijiti kilichokishikilia. Mimi na wenzangu wa mwaka 1987 tumekubaliana kununua kipya, pamoja na daftari lenye jalada gumu. Ndugu zangu wahitimu, yeyote mwenye daftari la zamani nyumbani, naomba alirudishe. Na ninyi wanafunzi, pangeni zamu. Nendeni hata mkilowa. Na siku mkishindwa kwenda, acheni mstari huo mtupu, msiujaze.